Anzia Mlangoni: Namna ya Kutuma Maua Mabichi na Maua ya Chungu Kinondoni na Temeke

Shangazi yangu anakaa Chamazi, mbele ya Mbagala. Siku aliporuhusiwa kutoka hospitali nilimwagizia mawaridi kumi na mawili kwenye duka moja la mjini. Yalitoka dukani saa tano asubuhi yakiwa yamesimama wima. Kijana wa boda alifika Rangi Tatu, akauliza njia, akapotea, akapiga simu. Simu ya shangazi ilikuwa imeisha chaji. Maua yalifika saa tisa alasiri. Shangazi aliyapokea kwa mikono miwili, akayatia kwenye jagi, na kulipokucha vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Nilipokwenda kumwona Jumamosi niliyakuta bado mezani, yamekauka kabisa. Hakutaka nije nione ameyatupa.

Duka halikuniuzia maua mabovu. Kosa lilikuwa langu: nilianza kwa kuchagua ua, mambo ya mlango nikayaacha yajipange yenyewe. Mwongozo huu unakwenda kinyume na nilivyofanya. Unaanzia kwenye mlango wa anayepokea, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa muuzaji.

Kwa nini maua huharibika kabla ya kufika

Ua lililokatwa halina mizizi, lakini majani na petali zake bado zinapoteza maji kila dakika. Likiwa kwenye ndoo ya maji, linanywa na kufidia. Likiwa mgongoni mwa bodaboda, juani na kwenye upepo, linapoteza tu bila kufidia. Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30, saa tatu za foleni zinatosha kulimaliza.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi hawayafikirii.

Kwanza, safari ya ua haikuanzia dukani. Mawaridi mengi yanayouzwa hapa hulimwa kwenye nyanda za baridi za kaskazini, hasa mkoani Arusha, zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar. Hadi unapoyaona kwenye ndoo ya muuzaji, sehemu ya uhai wake imekwisha kutumika barabarani.

Pili, matunda huyazeesha maua. Ndizi, embe, parachichi na papai zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na ua likikaa karibu nayo hunyauka au kupukutisha petali mapema. Kile kikapu kizuri chenye ndizi mbivu chini na maua juu kinajiharibu chenyewe kikiwa bado njiani. Matunda yapeleke, lakini kwenye kikapu chake.

Shada au chungu?

Shada la maua mabichi ni zawadi ya siku moja au wiki moja: inasema jambo na kuondoka. Maua ya chungu hukaa mwaka na zaidi, ila yanampa mpokeaji kazi ya kuyatunza. Jiulize mtu wako anahitaji lipi, kisha angalia tukio lenyewe.

*KISANDUKU CHA 1: TUKIO NA KINACHOFAA*

- Mgonjwa wodini. Wodi za hospitali kubwa kama Mwananyamala na Temeke hujaa watu, na kitanda hakina nafasi ya jagi. Uliza ndugu wanaomuuguza kabla ya kutuma chochote. Mara nyingi ni heri kusubiri aruhusiwe, umtumie nyumbani.
- Mama aliyejifungua. Chagua maua yasiyo na harufu kali, au chungu kidogo. Tuma baada ya siku chache, wageni wakishapungua.
- Msiba wa Wakristo. Shada la kuweka kaburini, lenye utepe au kadi inayoonyesha limetoka kwa nani, maana wakati wa kuweka mashada watu huitwa kwa zamu: familia, ukoo, wafanyakazi wenzake, majirani. Lifike msibani kabla ibada haijaanza.
- Msiba wa Waislamu. Mazishi hufanyika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, na familia nyingi hazina desturi ya mashada. Peleka rambirambi, na ukiweza nenda mwenyewe.
- Harusi na shughuli za kina mama wa Pwani. Fikiria kikuba cha asumini na mrehani. Asumini huchumwa ikiwa tumba na kufunguka jioni, kwa hiyo agiza kisukwe na kuletwa siku ileile ya shughuli.
- Kuhamia nyumba mpya. Maua ya chungu. Yatakua pamoja na nyumba.
- Kuomba radhi kwa mzee wa Kichagga. Kwa Wachagga, isale ni jani la kuombea msamaha, na linapopelekwa kwa taratibu zake ni vigumu kulikataa. Mimea ya jamii yake, yaani dracaena, huuzwa sana kwenye vyungu mjini. Kama unaomba msamaha kweli, waulize wazee wa upande wako namna ya kulipeleka. Kama hakuna kosa, chagua mmea mwingine usije ukaeleweka vibaya.

Hatua saba za kutuma

1. Ujue mlango. Kabla ya kutafuta duka, pata majibu ya maswali haya: nyumba iko wapi, nani atakuwepo, na saa ngapi.

Jina la eneo peke yake halitoshi. Ukisema "Mbezi", dereva anaweza kwenda Mbezi Beach wakati mpokeaji anamngoja Mbezi Luis, upande wa pili wa jiji. "Mbagala" inaweza kuwa Zakhem, Kizuiani, Rangi Tatu au Mbagala Kuu. "Kinondoni" inaweza kuwa Mkwajuni, Studio, au wilaya nzima mpaka Bunju. Taja kituo cha daladala, kisha alama ya karibu: msikiti, shule, duka la dawa, geti la rangi fulani.

Tumia pia anwani ya makazi. Tangu operesheni ya mwaka 2022 mitaa mingi imepewa majina na nyumba zikapata namba, na programu ya NaPA kwenye simu husaidia kuzitafuta. Mwombe mwenyeji akusomee kibao kilichopo ukutani. Namba hiyo ukiiunganisha na alama ya karibu, dereva anapata njia mbili za kufika.

Halafu chukua namba mbili za simu: ya mpokeaji na ya mtu wa karibu naye, kama jirani, binti wa nyumbani au mlinzi. Kukosa namba ya pili ndiko kulikoniponza mimi Chamazi.

2. Tafuta muuzaji aliye upande huohuo. Ua la Tegeta linunuliwe upande wa barabara ya Bagamoyo, na la Mbagala upande wa barabara ya Kilwa, kama inawezekana. Kila kilomita unayoipunguza ni uhai unaouongeza. Maduka ya maua mabichi ni mengi zaidi katikati ya jiji na upande wa Kinondoni kuliko Temeke. Vitalu vya maua ya chungu utavikuta pembezoni mwa barabara kubwa pande zote mbili. Kwa hiyo kama mpokeaji yuko Toangoma au Kijichi na hupati duka la karibu, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua chungu badala ya shada.

3. Kagua, au omba maua yakaguliwe. Ukifika dukani mwenyewe, fanya haya:

- Uliza, "Mzigo umeingia lini?" Muuzaji mzuri hujibu bila kusita.
- Bana waridi taratibu kwa vidole viwili, chini ya petali, pale linapoungana na kikonyo. Likiwa gumu kiasi, ni jipya. Likiwa laini kama pamba, limekaa.
- Tazama chini ya shina. Likiwa jeusi au linateleza, maji ya ndoo hayajabadilishwa.
- Nusa ndoo. Maji safi hayana harufu.
- Chagua mawaridi yaliyoanza tu kufunguka. Yaliyofumba kabisa huenda yasifunguke, na yaliyofunguka yote hayatafika kesho.

Ukiwa mbali, iwe Mwanza, Muscat au Houston, omba picha ya maua yenyewe iliyopigwa leo, pamoja na picha ya mashina. Picha ya katalogi si maua yako. Uliza pia waziwazi kama ni maua mabichi au ya bandia, kwa sababu wapambaji wengi huuza yote mawili na kwenye picha hufanana.

4. Andika oda yote kwenye ujumbe mmoja. Maneno ya simu husahaulika, ujumbe ulioandikwa unabaki.

*KISANDUKU CHA 2: MFANO WA UJUMBE WA ODA*

> Habari za kazi. Naomba shada la mawaridi 10, meupe na ya pinki, ndani ya maji au sponji iliyolowa. Kama meupe hayapo nipigie kwanza, usibadilishe.
> Mpokeaji: Mama (jina), simu (namba). Asipopatikana: kijana wake (namba).
> Mahali: Tegeta, kituo cha Nyuki, mtaa (jina), nyumba namba (…), geti la bluu mkabala na shule.
> Siku: Jumamosi, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi.
> Kadi iandikwe: "Shikamoo Mama. Tunakushukuru kwa malezi. Wanao."
> Naomba mchanganuo wa bei: maua, kadi, usafiri. Picha kabla hayajatoka dukani.

Hakiki tahajia ya jina kwenye kadi. Kadi iliyokosewa jina la mama mkwe hukumbukwa muda mrefu kuliko maua yenyewe.

5. Lipa kwa tahadhari. Tumia lipa namba ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipolingana na la duka, simama. Ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiwa katikati ya mazungumzo na muuzaji, usitume: mpigie kwa namba uliyoizoea. Kwa duka usilolijua, patana ulipe sehemu kwanza na umalizie baada ya kuona picha ya mzigo uliofungwa. Tunza risiti.

6. Panga safari. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ndizo salama zaidi: jua halijawa kali na watu wengi wako nyumbani au ofisini. Epuka saa saba hadi saa kumi. Mwezi wa Ramadhani usipange kufika karibu na magharibi, wakati nyumba nzima iko kwenye futari.

Bodaboda inafaa kwa shada dogo lililo ndani ya boksi. Shada kubwa na chungu chochote kizito vipande bajaji au gari. Mwambie dereva mambo matatu: maua yasimame, yasipigwe na upepo moja kwa moja, na asipitie kwingine. Msimu wa masika ongeza muda, kwani barabara za ndani hujaa maji na kuna mitaa ambayo pikipiki haiingii kabisa.

7. Simamia mapokezi. Mpigie mpokeaji maua yanapotoka dukani. Wengi hutaka kumshtukiza mtu, lakini mshtuko huo ndio unaozaa milango iliyofungwa. Unaweza kuficha zawadi bila kuficha ujio: "Mama, kuna kijana atakuletea kitu saa tatu, naomba uwepo."

Fikiria pia heshima ya mpokeaji. Kwenye nyumba ya wapangaji, maua yakifika uani kila mtu anayaona. Kama ni binti anayeishi kwa wazazi wake na hawajakujua, maua yako yanaweza kumpa maswali ambayo hakuwa tayari kuyajibu. Muulize kwanza angependa kuyapokelea wapi.

Ukichagua maua ya chungu

Vitaluni mimea mingi hukaa kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki. Muuzaji atakuhamishia kwenye chungu papo hapo, na ukiondoka nao saa hiyohiyo mmea unasafiri mizizi ikiwa imesumbuliwa. Kwa hiyo:

1. Chagua mmea na ulipie wiki moja kabla.
2. Omba upandwe kwenye chungu siku hiyo na uachwe kivulini hapo kitaluni upone.
3. Hakikisha chungu kina tundu chini. Pitisha kidole ulione. Vyungu vingi vya kupendeza havina tundu, na mizizi huoza.
4. Geuza majani uangalie upande wa chini. Ukiona unga mweupe kama pamba au utando mwembamba, ni wadudu. Acha mmea huo.
5. Mwagilia jioni kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Udongo wenye maji mengi ni mzito na humwagika.

*KISANDUKU CHA 3: MIMEA NA TABIA ZAKE*

- Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Asili yake ni Afrika, ikiwemo nchi yetu. Huvumilia kiu na kivuli. Inamfaa mtu mwenye shughuli nyingi.
- Mani planti. Hutambaa na kukua haraka, hata kwenye chupa ya maji. Iwe mbali na watoto wanaotia kila kitu mdomoni.
- Bogenvilia. Hupenda jua kali. Iende kwenye nyumba yenye uwanja, isiende kwenye chumba kimoja.
- Mrehani. Una harufu nzuri na hukubali chungu kidogo. Unahitaji jua na maji kila siku.
- Urujuani wa Usambara. Ua hili dogo la zambarau linalopendwa duniani kote asili yake ni milima yetu ya Usambara na maeneo ya Tanga. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya, na leo watu hulilea madirishani nchi za baridi. Linataka kivuli na hewa ya wastani, na majani yake yasilowanishwe. Halifai chumba cha bati kisicho na dari.

Tahadhari ya utomvu. Waridi la jangwani na jamii ya euphorbia vina utomvu wenye sumu au unaochoma ngozi na macho, na difenbakia huwasha mdomo vibaya ikitafunwa. Usitume mimea hii kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Tahadhari ya mbu. Sahani inayowekwa chini ya chungu hukusanya maji, na mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana humohumo, kutoka yai hadi mbu kamili kwa takriban wiki moja. Dar es Salaam tumeshaiona dengue mwaka 2014 na tena 2019. Tuma chungu pamoja na maelekezo: sahani imwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, au ijazwe mchanga.

Baada ya yale mawaridi nilimtumia shangazi mrehani wa chungu kutoka kitalu cha hukohuko Mbagala. Safari ilikuwa ya dakika ishirini kwa bajaji, na mtoto wa jirani alikuwa akimngoja dereva kituoni. Sasa kila nikienda Chamazi hunikatia kijiti kimoja, akakifunga kwenye gazeti lililolowa, nikapande kwangu.

Maelekezo ya kumtumia mpokeaji wa shada

Nakili maneno haya na uyatume siku maua yanapofika:

1. Safisha jagi kwa sabuni na ujaze maji safi.
2. Kata sentimita mbili za shina kwa mshazari, kwa kisu kikali. Ondoa majani yote yatakayozama.
3. Weka mbali na dirisha la jua, feni na bakuli la matunda.
4. Badilisha maji kila siku, na ukate shina tena kila baada ya siku mbili.
5. Maua ya joto kama anthurium, helikonia na okidi yasiwekwe kwenye friji. Baridi huyaunguza.

Makosa yanayojirudia

- Kuagiza tarehe 13 Februari, mkesha wa Siku ya Wapendanao. Siku hizo bei hupanda na wauzaji huzidiwa. Weka oda wiki mbili kabla. Ni hivyohivyo kwa Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na msimu wa mahafali.
- Kusema "nichagulie tu." Utapata yaliyobaki kwenye ndoo.
- Kulipa usafiri bila kuuliza unaishia wapi. Bei ya "mpaka Mbagala" huenda ikaishia kituoni.
- Kutuma shada la duara, mfano wa lile la kaburini, kwa mtu aliye hai.
- Kukaa kimya maua yakifika mabaya. Mwombe mpokeaji apige picha ndani ya saa moja, mtumie muuzaji kwa adabu na udai fidia. Ukichelewa mpaka kesho, huna ushahidi.

Orodha ya mwisho kabla ya kulipa

☐ Kituo, alama ya karibu na namba ya nyumba
☐ Namba mbili za simu, zote zimejaribiwa leo
☐ Atakayepokea na saa yake
☐ Tukio na desturi za familia vimezingatiwa
☐ Picha ya leo ya maua au mmea wenyewe
☐ Chungu kina tundu, na sahani ina maelekezo
☐ Jina kwenye kadi limesomwa mara mbili
☐ Mchanganuo wa bei na usafiri hadi mlangoni
☐ Jina la lipa namba linalingana na la duka

Kisanduku kimoja kikibaki wazi, usilipe bado. Piga simu nyumbani kwa anayepokea, umalize la mlango kwanza.